Mtani Kaja na Kesho

Mzee Shomari aliamka amechoka siku ile, na wala si uchovu wa kazi. Kazi gani, na asali ilikuwa bado haijaiva mizingani? Alichoka tu, kama mtu anayesimuliwa jambo lile lile kila mwaka na bado anatakiwa atikise kichwa aonekane anasikia.

Maana kule kwao, upande wa Igalula, kesho ilishafika mara nyingi. Ilifika na trekta, wakaambiwa jembe la mkono basi tena. Trekta likafa, kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva. Ikafika na pampu ya maji, watu wakapiga vigelegele, na mpaka leo Zamda, mkewe Shomari, anateka kisimani kwa ndoo. Ulibaki mnara wa simu, na huo Shomari hausemi vibaya, maana kwa huo anamsikia mwanawe aliyeko Mpanda akikohoa kama yuko chumba cha pili. Kwa hiyo msimdhanie mzee wa kupinga pinga kila kitu. Hapana. Kachoka tu.

Safari hii kesho ilitaka pori. Pori lile la miyombo ambamo inapita njia ya zamani ya wapagazi, wale waliobeba pembe kwenda pwani. Siku hizi ni kijinjia cha baiskeli, lakini jina limebaki. Humo ndimo ilimotundikwa mizinga ya Shomari, magogo matupu, mengine aliachiwa na baba yake, mengine kachonga mwenyewe. Kampuni ilitaka kufyeka pori lote itandaze paneli za sola, umeme uende mjini kwenye jumba la kompyuta, hizi zinazofikiri zenyewe. Mkutano wa kijiji ndio ungesema ndiyo au hapana.

Warina asali wakakaa, wakamchagua Shomari awasemee. Rafiki yake Wenceslaus ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Kasikia redioni kwamba mashine zikishapata akili zitatufuta binadamu wote, asibaki hata wa kufunga mlango. Zuwena, mjukuu wa Shomari, anayetengeneza simu pale senta, akamtazama.

"Babu Wence, mashine yenye akili ihangaike na wewe ya nini?"

Walicheka, Wenceslaus mwenyewe akacheka. Lakini Zuwena aliutaka mradi, na hakuficha. Alisema wenzake wote wanakimbilia Tabora mjini, na yeye hataki kukimbia, anataka kitu kije kimkute hapa. Shomari aliwasikiliza wote wawili akaona kila mmoja ana uhakika kumshinda yeye. Yeye alikuwa na swali moja tu. Hayo mavioo yakifa, na kila kitu hufa, nani atarudi kuyaondoa, ili wajukuu wa Zuwena wakute ardhi na si takataka? Akalirudia njia nzima ya kwenda mkutanoni lisije likampotea.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la tumbaku. Diwani aliongea mpaka kivuli cha ghala kikahama. Dunia inakimbia, alisema, na anayekaa kando atalaaniwa na kizazi chake. Huu ni mradi wa miaka mia ijayo. Kisha akampisha bwana wa mradi, mtu wa makamo, suruali imenyooka. Akawapa wazee shikamoo yao, akasema anaitwa Sadiki, ni Mzaramo wa Kisarawe.

Hapo ndipo palipoharibika.

Kwa sababu, wajua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Utani wenyewe ulizaliwa njiani, wazee wetu wakishuka pwani na mizigo, wakala na Wazaramo, wakazikana nao. Mtani akisimama mbele yako humwachi akapita hivi hivi, ni sawa na kumnyima maji. Watu wote wakageuka kumtazama Shomari, maana kwa utani pale kijijini hana mpinzani. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Babu yako alilamba chumvi yetu akatoroka. Leo umefuata na asali?"

"Nimefuata mzigo wetu, mzee," Sadiki akajibu. "Mlisema mnatuletea pembe, mkatuletea miguu ina funza."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Shomari naye alicheka, akajisahau. Halafu akakumbuka alichotumwa.

"Sasa wewe mla nazi, mavioo yako yakifa, nani atakuja kuyazika?"

"Si wewe mtani wangu? Kuzika ndiyo kazi yenu."

Diwani alicheka mpaka akafuta machozi. Shomari akasema anauliza kweli, na hilo ndilo lililommaliza, maana katika utani hata kuapa unasema kweli ni utani. Wakazidi kucheka. Akakaa. Mikono ya ndiyo ilipoitwa ikanyooka mingi, na wa Zuwena ulikuwemo. Aligeuka akamwona babu yake, asiushushe. Shomari hakumlaumu. Mtoto alisema anachotaka, na alikisema bila kucheka, kitu ambacho yeye kimemshinda.

Watu walipotawanyika Sadiki akamfuata pale alipokuwa anafungua baiskeli.

"Mzee, swali lako nililisikia."

"Ulilisikia kama nini?"

"Kama swali."

"Na hukujibu."

"Sina jibu. Mpango wetu ni wa miaka ishirini na mitano. Zaidi ya hapo hatujapanga kitu. Ukanipa utani, nikaudandia."

Angekuwa kijana Shomari angemtukana sawasawa. Akatafuta hasira, hakuipata, akapata uchovu ule ule wa asubuhi.

"Basi nina msiba," akasema. "Kesho jioni nyuki wakitulia nashusha mizinga, naihamishia shambani kwa Wenceslaus. Mtani hakosi msibani. Kazi zote za msiba ni zake."

Sadiki akaanza kucheka, akaona mwenzake hacheki.

Na akaja. Kavaa viatu vile vile vya mkutanoni. Wenceslaus akafukiza moshi na kushusha gogo kwa kamba, likalala begani kwa Sadiki, naye akashika kijinjia kile cha wapagazi huku nyuki wawili watatu wakimfanyia kazi shingoni. Shomari akamfuata nyuma. Kwa desturi huyu alipaswa kutukanwa mpaka mwisho wa safari, na matusi yalikuwepo, mazuri tu, lakini kila alipofungua mdomo aliona bora aufunge.

Penye kichuguu Sadiki akasimama, kavimba sikio, anahema.

"Nitukane basi, mzee. Ukinyamaza mzigo unazidi uzito."

"Leo sina."

Ndani ya gogo nyuki walinguruma kidogo kidogo.

"Swali lako nitalipeleka kule ofisini," Sadiki akasema.

"Wakikuuliza ni la nani?"

"Nitasema ni la mtani wangu."

"Usiseme hivyo," Shomari akamwambia. "Watacheka."

Akainama, akaliingiza bega chini ya ncha ya nyuma ya gogo, wakaendelea.