Jairus Alikuwa Akimwangalia Nani

Msichana yeyote wa kwaya aliyekaribia kuolewa ilibidi aisikilize hadithi ya Quinter, apende asipende. Quinter aliisimulia akisuka watu nywele, akichambua mboga, hata wakiwa katikati ya majani chai na vikapu mgongoni, mradi tu msimamizi awe mbali. Alisimulia jinsi alivyokuja kutoka kule ziwani kuchuma chai akiwa binti mdogo, akajiunga na kwaya ya kanisa la kambi ya wafanyakazi, akawekwa upande wa alto. Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana mmoja anayeitwa Jairus Omollo, na huyo Jairus hakuacha kumwangalia. Wimbo uishe, mwingine uanze, jicho liko kwake. Mwishowe Quinter alichoka, akamfuata baada ya mazoezi na kumuuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, kwani mimi nina nini usoni?"

Jairus alikohoa, akasema hana kitu kibaya. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana.

"Mimi sikutafuta mume," Quinter alipenda kumalizia. "Niliangaliwa mpaka nikaolewa."

Wasichana walicheka sana, kwa sababu kila mtu aliyajua macho ya Jairus. Yalikuwa hayasikizani. Moja likiangalia mbele, lingine linatoka nje kivyake. Kule kiwandani, alikofanya kazi kwenye mashine za kukausha chai, wenzake walisema jicho moja limeajiriwa Kericho na lingine Bomet, kwa hivyo anafaa kulipwa mishahara miwili. Quinter hakujali maneno hayo. Jicho moja lilimtosha.

Miaka ilikwenda, watoto wakakua wakaondoka, na Jairus bado alikuwa mwalimu wa kwaya. Lakini siku hizi nota zilianza kumchezea. Alikuwa anasoma mstari, ghafla unaruka, anajikuta kwenye mstari mwingine. Jumapili moja aliwapa watu wa alto sauti ya teno, nao kwa heshima wakaiimba hivyo hivyo, na kanisa zima likashuka kama lori lililokatika breki. Jairus alirudi nyumbani akasema ataachia vijana kazi.

"Utaachia vijana ukishaonwa na daktari," Quinter alimwambia. Alikuwa amesikia kwamba kuna daktari mjini Kericho anayefanya utafiti juu ya watu ambao macho yao hayatembei pamoja, na ana mashine ya kufuata jicho popote linapokwenda.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, Chepkemboi, mtu wa upande wa Bomet, mcheshi. Alimketisha Jairus mbele ya kompyuta, akamwambia aweke kidevu juu ya kipande cha plastiki na atulie.

"Usiongee, mzee."

"Mke wangu ataongea kwa niaba yangu."

"Huyo hatuna plastiki ya kutosha kumtuliza," daktari akasema, na Quinter akampenda hapo hapo.

Chini ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kifaa chembamba kama rula. Daktari alieleza kwamba kinatoa mwanga usioonekana, kinaupokea tena ukitoka machoni, na hivyo kinajua kila jicho limeelekea wapi. Kitone cheupe kilianza kutembea, kikaenda kushoto, kikarudi, kikapanda. Jairus alikifuata. Kwenye kompyuta ya daktari ilichoreka mistari miwili, wa kijani wa jicho la kulia na mwekundu wa jicho la kushoto.

"Macho ya watu wengi huenda kama ng'ombe wa jembe, bega kwa bega," alisema daktari. "Ya mzee huenda kama mbuzi wa kupeleka sokoni. Na ajabu ni kwamba kila moja, likiwa peke yake, linaona vizuri kabisa. Shida ni kwamba hayaangalii mahali pamoja. Basi ubongo unachukua picha ya jicho moja, ile nyingine unaiacha, ndiyo asione vitu viwili viwili. Akisoma, macho yanapokezana bila yeye kujua. Hapo ndipo mstari unaruka."

Jairus alitaka kutikisa kichwa kukubali, akakumbuka plastiki, akainua kidole gumba.

"Mama, nipatie kitu ambacho mzee amezoea kukiangalia. Picha hivi."

Quinter alitoa simu yake. Picha ilikuwa ya kwaya, ya siku walipoenda kuimba Chepilat, wote bado vijana. Aliiweka humo kwa ajili ya Monicah, rafiki yake, aliyesimama mbele kabisa kwenye soprano, mdomo wazi wakati wengine wote wamefunga. Walimzika mwaka juzi. Tangu hapo Quinter aliifungua picha ile kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, akaiangalia kidogo, akaifunga.

Daktari aliihamishia kwenye kompyuta, akaikuza ikajaa kwenye kioo. "Haya mwalimu, waongoze."

Jairus aliinua mikono, akaanza kuvuma wimbo kupitia puani. Juu ya picha yalitokea maduara mawili. Jekundu lilitua kwenye uso wa Quinter, palepale, kati ya macho.

"Umeona!" Quinter akaruka. "Daktari, si unaona? Miaka yote mimi nasema!"

"Hilo jekundu? Hapana, mama. Hilo ni la kushoto. Saa hii halitumiki. Limeegeshwa tu."

"Limeegeshwa?"

"Kama gari. Linaloangalia ni hili la kijani. Asipokuwa anasoma, mzee hutumia hili la kulia."

Duara la kijani lilikuwa juu ya Monicah. Lilikwenda kwa besi, likarudi kwa Monicah. Likaenda kwa teno, likarudi haraka zaidi.

Jairus hakuweza kugeuza kichwa, lakini mikono yake ilikuwa imesimama hewani.

Walitoka na tarehe ya kurudi kuchukua miwani ya kusomea na kufundishwa mazoezi ya macho. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, wakaingia hotelini. Quinter aliitisha chai na mandazi, lakini hakugusa kitu.

"Mama Isaiah, chai inapoa."

"Mwambie Monicah."

"Monicah alikufa, Quinter."

"Najua alikufa. Mimi ndiye niliyemvalisha." Alizungusha kikombe. "Ulikuwa unamwangalia yeye."

"Nilikuwa namwangalia, ndiyo. Ningefanya nini? Yule mtu alikuwa anaingia kabla ya wimbo! Mimi sijashusha mkono, yeye yuko ubeti wa pili. Ningemwacha kidogo tu angebeba kwaya yote mpaka Kisumu."

Quinter alijaribu kubaki na hasira, lakini alimjua Monicah. Hata kwenye maombi aliitika amina mchungaji akiwa bado anawaombea wagonjwa.

"Na mimi?" akauliza. "Siku ile nilipokuja kukuuliza mbele ya watu. Ulijua si mimi uliyekuwa unaniangalia?"

Jairus alivunja andazi, akalitazama sana.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza! Nimewasimulia wasichana wangapi? Hata mke wa Isaiah nimemsimulia!"

"Sikiliza basi. Tangu nikiwa mtoto, mtu nikimwangalia, anageuka nyuma kuona ni nani ninayemwangalia. Walimu wangu, wenzangu kiwandani, hata mchungaji. Kila mtu anageuka. Halafu siku moja anakuja msichana, amekasirika, mikono kiunoni, anasema ninamwangalia yeye. Hakugeuka nyuma." Aliliweka andazi chini. "Sasa hapo niseme, hapana dada, si wewe? Mimi ni mjinga?"

Mvua ilipiga mabati. Quinter alikuwa akifikiria jinsi Monicah angeipokea habari hii: angeanza kucheka kabla ya kuelezwa chochote, angeketi chini, angeshika ubavu. Kicheko kilimpanda Quinter mwenyewe, akakizuia na chai, chai ikampalia.

"Kwa hivyo niliposwa na jicho lililoegeshwa," akasema alipopata pumzi.

"Na wewe ukakubali haraka."

"Wacha hiyo! Niambie sasa hivi, hapa tulipo, ni lipi linaniangalia?"

Jairus alifikiri. Kisha akalifunika jicho la kulia kwa kiganja. Lile la kushoto, lililokuwa nje kuelekea dirishani, lilitikisika kidogo, likaja pole pole, likavuka meza, likatua usoni mwa Quinter na kutulia hapo.

"Haya," Quinter akasema, sauti ikiwa chini kuliko alivyotaka. "Linasema nini?"

"Linasema, kumbe ni wewe."

Quinter akacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama wameitisha kitu.