Kombe Ndani ya Rejeta

Gari langu la kwanza lilikuwa pikapu kuukuu, na mimi nilikuwa mjinga wa kuliamini. Ilikuwa Januari ya 1964, bendera mpya haijachujuka hata kidogo, na mama yangu Mwanapili alikuwa amelala Munje na homa isiyoshuka. Sindano alichomwa, lakini alichokitaka mwenyewe ni kombe la maalim wa Vanga. Nikalifuata. Maalim aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazikosha kwa maji na marashi, akanitilia kwenye chupa.

"Chirau, mwanangu," akaniambia, "na anywe leo hii, kabla ya magharibi."

Nilipoipita Lunga Lunga, rejeta ikaanza kuvuja. Nilifungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Tundu lilikuwa chini, dogo la kuchekesha. Nikangoja ipoe, nikaliziba kwa kipande cha sabuni kama tulivyofanya madereva wote, nikamimina maji yangu yote ya kunywa. Hayakufika hata nusu. Barabara ilikuwa tupu, nyumba hakuna, na saa tisa ilikwisha kupita.

Yalibaki maji ya kwenye chupa.

Wallahi nilifikiri sana. Nikitembea kwa miguu, mama nitamwona kesho, kama nitamkuta. Nikimimina, nitafika leo, mikono mitupu. Nikamimina. Marashi yakanukia kutoka kwenye chuma cha moto, nami nikalia kwa hasira, nikilitukana gari na aliyeniuzia.

Lilinifikisha kwenye kisima cha kwanza. Hapo nikaijaza rejeta mpaka mdomoni. Kisha, Mungu anisamehe, nikaijaza na ile chupa, kwa maji yale yale ya kisima.

"Shikamoo, mama," nikamwambia nilipofika Munje.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

"Nimekuletea."

Mama mdogo Mbeyu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwinua kichwa. Mama akapiga bismillahi, akanywa funda kwa funda mpaka tone la mwisho, akaniombea dua ndefu. Kabla ya alfajiri alikuwa amefariki. Matangani watu walinisifu, wakasema mtoto ni Chirau, amemhangaikia mamake. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo sikupata raha garini. Injini ikipata moto tu, marashi na zafarani vinanijia. Nilimpelekea fundi wa Ukunda, akalehemu rejeta na kuisafisha kwa maji ya moto. Harufu ikabaki. Nikanunua rejeta nyingine kabisa. Harufu ikabaki, na sasa, nikiwa peke yangu barabarani, nilisikia chini ya boneti mtu anakunywa, funda kwa funda, taratibu. Abiria nao walinitania kwamba gari langu linanukia kama la bwana arusi. Niliwachukia kwa maneno hayo.

Mwaka wa pili nilimpeleka mama mdogo Mbeyu kwenye harusi Vanga. Tulipofika pale pale rejeta ilipovujia, akavuta pumzi, akanishika mkono.

"Chirau, mbona nasikia kombe humu?"

Nikasimamisha gari, nikamweleza yote. Nilingoja anilaani. Akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko tusi:

"Siku ile gari uliliweka wapi?"

"Mlangoni, mama mdogo. Pale pale mlangoni."

"Na maji yalikuwamo?"

"Yalijaa."

"Basi kombe lilikuwa mlangoni. Kombe huongezwa maji, mwanangu, hata debe zima, likabaki kombe. Tungekinga kikombe kimoja tukampa."

"Lilikuwa na kutu. Na sabuni."

"Angekunywa. Wewe hukumwona alivyolingojea mchana kutwa." Akafuta macho kwa upindo wa leso. "Kwa nini hukutuambia?"

Nilikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa dogo mno kumpa mtu aliyefiwa na dada yake.

"Niliona haya," nikasema.