Kibuyu Kilichooshwa kwa Javel

Mtaa wetu wote hapa Kolwezi unajua kwamba mimi na uchafu hatuivi chungu kimoja. Kwa miaka tisa nimesugua sakafu za zahanati, na harufu ya Javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu, imeniingia mpaka kwenye ngozi. Mume wangu Séraphin alikuwa akinitania kwamba nikifika mbinguni nitaomba ndoo kabla ya kusalimia. Nilikuwa nacheka. Kusema kweli, nilijivunia.

Séraphin alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa Mashamba. Mwezi wa pili jiwe lilimwangukia mguuni, kidonda kikaoza, na Dokta Mechack wa zahanati yetu akamtibu kwa sindano na vidonge vya kuua vijidudu wiki sita. Mguu ukapona, tumbo likaharibika. Alianza kuhara mara nne kwa siku, kisha mara nane. Mimi, kwa kimbelembele changu, badala ya kurudi kwa dokta nilikimbilia duka la dawa la pale kona nikanunua vidonge vile vile nimwongezee. Nilifikiri kama Javel inasafisha sakafu, vidonge vitasafisha tumbo. Wiki mbili nilimpa kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, mpaka suruali zikawa hazimkai.

Dokta alipogundua, alikunja uso, akavuta kiti.

"Mama Shekina, mu tumbo ya muntu muko bidudu bingi, na bingi ni bizuri. Binasaga chakula, binafungia bile bibaya njia. Ile dawa uliongeza imeua bile bizuri. Sasa bibaya njo binakaa mule."

Alimbadilishia dawa, akasema nimpe chakula chetu cha siku zote, bukari, yaani ugali, maharage, matembele, kidogo kidogo. Lakini Séraphin hakuweza kubakiza kitu tumboni. Ndipo nikamwita mama yake.

Mama Jeanne alifika kutoka Nzilo amekumbatia kibuyu. Alikirithi kwa mama mkwe wake, na humo alitengenezea munkoyo: uji mwepesi wa mahindi, uliopoa, uliotiwa mizizi iliyopondwa na kuachwa uchachuke mpaka kesho yake. Aliosha vyungu na vikombe vyote, lakini kibuyu alikisuuza kwa maji matupu.

"Kile kinabakia mule ndani njo kinachachusha," aliniambia. "Sabuni hapana."

Séraphin alikunywa nusu kikombe, na munkoyo ukabaki tumboni. Kesho yake akanywa kikombe kizima. Siku ya sita alikula bukari na samaki, akaomba kioo anyoe ndevu, na binti yetu Shekina akamshikia. Nilijificha nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Dokta alisema hawezi kuapa kama ni dawa au ni munkoyo, ila tusibadilishe kitu chochote. Nilimsikia kwa masikio yangu yote mawili.

Jumapili Mama Jeanne alikwenda misa na Shekina. Séraphin alikuwa amelala. Nilichukua simu nikamulika ndani ya kibuyu, nikaona utando mweusi umegandamana kote. Mgonjwa wangu, aliyekonda vile, ananyweshwa kutoka humu? Nilimimina maji moto na Javel, nikatia vijiwe, nikatikisa mpaka gamba lote likatoka. Nikasuuza mara tatu, nikakianika juani. Nilikuwa naimba, Mungu anisamehe.

Sikumwambia mtu. Jumatatu Mama Jeanne alitengeneza munkoyo mwingine. Jumanne asubuhi ulipomiminwa ulitoka mzito, wa kuvutika, unanuka vibaya. Alisogeza pua mdomoni mwa kibuyu, akanusa mara mbili.

"Tata, acha hii. Nitaimwanga," alimwambia mwanawe, akimwita baba kwa mapenzi, na kunyoosha mkono aumwage.

Lakini Séraphin alikuwa ameshachukua kikombe. Alikunywa chote, macho yakiwa kwangu. "Iko muzuri," alisema. "Enda ku kazi, Mama Shekina, utachelewa."

Nilikwenda kazini. Niliporudi jioni kibuyu kilikuwa kitupu, nikashusha pumzi. Nilijiambia kama amekunywa wote, basi usafi wangu haukuharibu kitu.

Kuhara kulirudi, safari hii na damu. Jumatano tulimpeleka hospitali wakamtundikia maji, na Mama Jeanne akaondoka kwenda Nzilo kuomba kibuyu cha dada yake. Ijumaa mchana Séraphin alinishika kidole, akakiacha. Mama yake alikuwa bado njiani. Aliposhuka kwenye pikipiki kibuyu kilikuwa kifuani mwake, kimefungwa kwa kitenge, na mwanawe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Dokta Mechack aliniambia utumbo ulikuwa umeshachanika kwa ndani, kwamba hata munkoyo mzuri huenda usingemwokoa. Alisema "huenda". Neno hilo sijui nilipeleke wapi.

Siku zote za matanga nilisubiri mama mkwe wangu aniulize. Alikula nilichopika, alimsuka Shekina nywele, hakuniuliza. Siku tulipoondoa matanga nilimfuata alikokuwa akifunga mzigo wake, nikapiga magoti.

"Mama, kile kibuyu, ni mimi..."

"Mi najua," alisema, bila kuacha kufunga. "Ile arufu ya Javel nilisikia palepale. Na Séraphin alisikia. Arufu ya mikono yako, ye angeiacha kuijua?"

Nilimshika upindo wa kitenge.

"Aliniomba: mama, usimuulize, alitaka kunisaidia. Njo nikanyamaza. Nimenyamaza kwa ajili yake, hapana kwa ajili yako." Alikaza fundo. "Ile siku ulienda ku kazi, nikamuambia nitamwanga yote. Nikatoka kutafuta kuni. Kurudi, kibuyu iko tupu. Alikunywa yote, ye mwenyewe. Namuuliza, tata, juu ya nini? Anasema: Mama Shekina akirudi akute imemwangwa inje, atajua ni ye aliiharibisha."

Aliweka kile kibuyu cha dada yake mezani. "Hii ni ya Shekina. Mi nitarudi kumufundisha." Kisha akajitwika mzigo akatoka, na mimi nikabaki pale chini, nikikumbuka jinsi nilivyofurahi jioni ile kukuta kibuyu kitupu.