Dume la Nzi

Nzi hapewi jina bila dume. Ndivyo alivyoniambia mtaalamu wa wadudu kule Mbeya, baada ya misimu miwili ya kumpelekea majike matupu. Majike wanafanana mno. Lete dume, akasema, tuandike kwamba huyu ndiye anayewaua viwavi wa mahindi yenu, na watu wa kijiji chenu cha Talatala waache kufyeka nyua za miti anamozaliana.

Kwenye chupa viwavi walikuwa wananifia. Basi mvua za kwanza zilipoanguka nikawafunga kwa vipande vya chandarua kwenye matawi ya ua wetu, kila kiwavi na mayai meupe ya nzi mgongoni. Nikamwomba mume wangu, Yohana, amwonye baba yake. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hasemi na baba mkwe, wala hakutani naye uso kwa uso. Yohana akacheka. "Nimkataze mzee kufyeka kwa ajili ya nzi?" Hakumwambia.

Alhamisi asubuhi nikamwona, anatembea ndani ya chandarua, macho yamekaribiana utosini. Dume! Nikakimbilia chupa ndani.

Niliporudi, baba mkwe, mzee Hezroni, alikuwa uani na panga. Alikuwa ameona matambara yananing'inia kwa mwanawe, akatuonea aibu.

Nina diploma ya kilimo. Nimewahi kuwaambia wakulima mia mbili pale Itungi kwamba wanakosea, wakanipigia makofi. Neno moja tu lingetosha: "Baba!" Badala yake nikajitanda kanga usoni, nikajificha migombani na chupa yangu, nikimsikiliza anavyofyeka mpaka kona. Kisha akayachoma matawi pamoja na vyandarua vyangu vyote. Nilimchukia Yohana. Mwenyewe nilijichukia zaidi.

Jioni mama mkwe akaja na mkungu wa ndizi.

"Ugonile, mwanangu. Mzee anauliza kama ua umekupendeza. Mgongo unamuuma, lakini anasema mkwe wetu ana kazi nyingi, tumsaidie."

Ningesema nini? Mtu kaumia mgongo kwa ajili yangu.

"Mwambie ndaga fijo," nikajibu. "Mwambie nimeshukuru sana, pamependeza."

Jumapili, baada ya ibada, mzee akawatangazia wanaume wenzake kwamba hata mkwe wake, bibi kilimo mwenyewe, ameusifu ufyekaji ule. Jumatatu kijiji kizima kikashika mapanga.