Kumi Waliorudi

Mwaka ule wachezaji kumi kati ya kumi na mmoja wa ushambuliaji wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani walirudi chuoni kwetu Nebraska, na mji mzima ukajiona umeshashinda. Hata kinyozi alikataa pesa yangu. "Kocha Duane," akaniambia, "vijana ni wale wale, na wamekomaa. Nani atawazuia?"

Aliyeondoka ni mmoja tu, Wendell Kratochvil, mtu wa kati, yule anayeinama mbele ya wenzake na kuupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda kwa mrushaji. Nafasi yake tulimpa Roscoe Abernathy, mpana kama mlango wa ghala na mwenye nguvu kumzidi Wendell. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu watano wa mstari wa mbele, kazi yao ikiwa kumkinga mrushaji, na sikuona shida yoyote.

Mechi ya kwanza tulifungwa, tukiambulia pointi tatu tu. Ya pili, patupu. Mrushaji wetu aliangushwa mpaka akamgeukia Roscoe. "Kaka, unawafungulia mlango?"

"Nenda zako! Miguu umepewa ya nini kama hukimbii?" Roscoe akamjibu, ila macho yalikuwa chini.

Niliporudia kutazama picha za video za mechi, nilistaajabu. Roscoe hakupitwa. Waliopitwa ni wazoefu! Wawili walimrukia beki mmoja wa wapinzani, na beki mwingine akapita katikati yao kama mgeni mwalikwa. Mwaka uliotangulia watu hao hao walikuwa wakielewana kama vidole vya mkono mmoja. Sasa uzoefu wao ulikuwa umekwenda wapi?

Nikamfuata Wendell kwenye maghala ya mahindi alikoajiriwa. Tuliketi nyuma ya gari lake tukila mikate ya nyama na kabeji.

"Ulikuwa unajuaje nani amzuie nani?" nikamwuliza.

Akacheka. "Sikuwa najua, Kocha. Mimi nilikuwa napiga kelele tu."

"Acha utani."

"Kweli tena! Teague alikuwa ananong'ona hapo kuliani kwangu: huyu anakuja, yule anatuzuga. Mimi nina koo, basi nikawa napaza."

Teague Lindqvist, mmoja wa wale wazoefu wa mstari wangu, alikuwa kijana ambaye salamu yake uliipata ukimsalimia mara mbili. Kesho yake nikamwita uwanjani, na Roscoe akiwapo.

"Teague, unaona mabeki watapita wapi?"

"Si kila mtu anaona?"

"Hakuna anayeona, mwanangu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia watu hawalioni jua.

"Basi mbona husemi?"

"Nasema kila siku. Huyu hanisikilizi."

"Ala!" Roscoe akaruka. "Mimi nilidhani unasali!"

Nilijaribu kumfanya Teague apaze sauti mwenyewe, ikamfia kooni. Roscoe ndiye aliyesema, "Mwache anong'one, Kocha. Kelele niachieni mimi." Siku hiyo alisikia kushoto akatangaza kulia, wakaangukiana chungu nzima, wakacheka hadi wakashindwa kuinuka. Baada ya hapo akawa anainamisha kichwa upande wa Teague kabla ya kila mpira.

Mechi ya tatu tulishindwa kwa tofauti ndogo. Ya nne tulishinda, na mrushaji alimaliza jezi yake ikiwa karibu safi. Ubingwa hatukuuona mwaka ule, lakini pointi zilianza kuja, na watu wakarudi kusema walijua tangu mwanzo.

Mimi bado nilitaka kujua. Nikamwuliza Teague anaona nini hasa.

"Visigino," akasema. "Anayekuja huinua kisigino kidogo." Akafikiri. "Si wote, lakini."

"Na wengine je?"

Akainua mabega, akavaa helmeti, akaenda zake mazoezini.

Tangu hapo nimekuwa nikizitazama picha zile za zamani, nikivitafuta visigino. Vingine naviona. Kuna mara nyingi Teague alipatia na kisigino kikiwa chini kabisa, nami sijui mpaka leo aliona kitu gani.