Karuho ya Laveri

Wakubwa wa ukoo walikaa uani kwa Karangwa, pale Kibabi, wamenuna, na Mukashema aliwatazama kama mbuzi walioingia kwenye maharagwe yake. Eti yeye, mjane wa kaka yao, ndiye aliyempa shemeji yake huyo Karangwa karuho, ile sumu ya kienyeji ambayo kila mgonjwa wa Masisi lazima atafutiwe mtu wa kusingiziwa kuwa ameitia. Wakikubaliana, anafukuzwa leo leo na shamba la marehemu mumewe linabaki kwao. Shamba hawakulisahau, washenzi hawa.

Karangwa alikuwa na vidonda viganjani na kwenye nyayo, mwaka wa pili haviponi. Miaka kumi na mitano aliosha mawe ya madini kwenye laveri ya Papa Hilaire, miguu mitupu ndani ya tope. Hilaire mwenyewe alikuja kikaoni na kreti mbili za bia, uso umejaa huruma. Unafiki mtupu.

Muuguzi Noëlla, aliyekuwa amepeleka kipande cha kidonda Goma, alifungua barua ya daktari.

"Iko kansa ya ngozi," alisema. "ADN, ile maandishi ya ndani ya mwili, imeharibika, na haiko jua iliiharibu. Inafanana na ya watu wenye wamekaa na sumu ya arseniki. Na arseniki iko mu ile mawe munaosha."

"Mashini ya Goma haiwezi ona karuho," alisema Hilaire.

Wazee wakaitikia kwa vichwa, chupa midomoni. Watu wazima na ndevu zao, wamenunuliwa kwa pombe ya asubuhi moja. Mukashema aliona kinyaa hata kuwajibu, lakini shamba lilikuwa lake.

"Papa Twizeyimana," alimwambia mkubwa wao, "nani mwengine alikuwa anaosha mawe pale?"

"Wanawake wote wa hapa. Na weye pia."

Mukashema akavua kamambili zake, akawanyoshea nyayo mbele ya nyuso zao. Zilikuwa na sugu nyeusi, na katikati kidonda kibichi, sawasawa na cha Karangwa.

"Basi munitafutie na ule mulozi alinipa miye."

Hakuna aliyetaja tena shamba. Drocella, mke wa Karangwa, ndiye aliyeanzisha maneno yale ya karuho. Alifunua viganja vyake, akaziona sugu nyeusi zile zile, kisha akavificha chini ya kitenge.