Vifungo Tisa

Mji ule wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, una ugonjwa wake: mtu hata nyumba yake ikiteketea, ukimuuliza hali atakujibu, "Si vibaya sana." Ndilo jibu alilolitoa Verna Hryciuk mwaka jana daktari alipomuuliza anavyovaa nguo, naye vidole vimempinda kwa baridi yabisi tangu usichana. Daktari akaliandika vilevile kwenye fomu ya ulemavu. Watu wa kodi wakaikataa.

Bila fomu hiyo hapunguziwi kodi, wala hawezi kufungua akiba ya walemavu, ile ambayo ukiweka chako serikali nayo inaongeza chake. Na serikali huongeza mpaka mwisho wa mwaka unaotimiza miaka arobaini na tisa, basi. Verna alikuwa ameitimiza Machi, na sasa ilikuwa Novemba.

"Haya, Verna," alisema Daktari Pelletier, mzee asiyemungunya maneno, fomu mpya mbele yake. "Leo uungwana uache mlangoni. Unavaaje?"

"Si vi—"

"Ishia hapo hapo! Hiyo blauzi ina vifungo tisa. Nani amekufunga?"

"Mwenyewe."

"Kwa muda gani?"

Zamani Verna alifungwa vifungo na mama yake, huku akiusiwa, "Watu wasijue yetu." Mama alikuwa na miaka minne kaburini, na tangu hapo hakuna jicho lililomwona akivaa. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini kuufunua upweke kunauma kuliko kuufunua mwili.

"Niliamka saa kumi," alisema. "Nimemaliza saa moja kasoro. Kila siku ndiyo hivyo, Daktari. Kuna siku nashindwa, nashinda na nguo ya kulalia. Hakuna anayebisha hodi, kwa hiyo hakuna anayejua."

Daktari hakutania tena. Aliandika kwa muda mrefu, maneno yale yale aliyoyasikia, akatia sahihi.

"Naituma leo hii. Wakileta ubishi, nitawapigia mwenyewe."

Verna alikuwa amekuja na koti wazi, kama kawaida yake. Aliponyanyuka, mzee akalifunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. "Nje baridi inaua," alisema.

Nyumbani kulikuwa na joto. Verna alipasha supu yake ya bitiruti, akainywa na koti mwilini, jasho likimtiririka. Kulivua kungemchukua nusu saa, lakini si hilo lililomzuia. Ilikuwa miaka minne tangu mikono ya mtu imfunge kifungo, na vifungo hivi hakutaka kuvifungua.